Mtungi Uliopimwa Mara Mbili

Asubuhi niliyoamka nikiwa nimeazimia kummaliza, bado nilikuwa nampenda. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani niliongozwa na chuki tupu. Mwenye chuki tupu huenda kwa wakili, akarudi nyumbani kulala. Mimi nilioga, nikajipaka mafuta anayoyapenda yeye, nikahakikisha pete yake imekaa vizuri kidoleni, nikaenda kazini kumsubiri.

Kazi yangu ni kujaza mitungi ya wapiga mbizi. Chumba changu kiko nyuma ya karakana: kompresa inayounguruma kutwa, mitungi iliyopangwa ukutani kama wanafunzi kwenye paredi, ubao mweupe wa kuchorea mipango, na stuli moja yenye mguu mbovu ambayo kila mgeni huikalia na kila mgeni hushtuka. Watu huniita Fundi, hata mama mzazi akitaka kunitania. Mchumba wangu walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipanda juu haraka. Wenzake wakiwa wameshavua nguo za maji na wanakunywa chai, yeye bado yuko chini na mapovu yake.

"Mwanamume anayepanda hivi, hata nyumbani hatakurupuka," kaka yangu alisema siku alipomleta kwetu mara ya kwanza. Wote tulicheka. Yeye akainamisha uso kwa haya, na nadhani ile haya ndiyo iliyonichukua.

Kaka na yeye walizama pamoja siku zote. Walikuwa wakiitana shemeji kabla mimi sijakubali.

Kaka alifariki mwaka jana, baada ya mbizi ya pili ya siku.

Niseme kidogo hapa, maana bila hili mengine hayaeleweki. Anayezama mara mbili kwa siku hashuki mara ya pili akiwa mtu yule yule. Naitrojeni aliyoivuta kwanza bado imo mwilini, inatoka polepole, na mbizi ya pili inaongeza juu yake. Kwa hiyo tunapanga. Ya kwanza inakuwa ya kina kirefu, kwa hewa ya kawaida. Mtu anapumzika juu. Ya pili inakuwa ya kina kifupi, kwa hewa tajiri, ile iliyoongezwa oksijeni ili naitrojeni ipungue. Halafu ile saa ya mbizi mkononi lazima iambiwe kuwa hewa imebadilika, maana saa haina pua. Inaamini unachoiambia, na kwa imani hiyo inakupa muda wa kukaa chini.

Saa ya kaka ilikuwa imeambiwa hewa tajiri. Mtungi wake ulikutwa na hewa ya kawaida. Saa ikamwambia bado una nafasi, naye akaendelea kukagua nguzo za daraja huku mwili ukijaa. Alipopanda, miguu ilikufa ganzi kabla hajavua mapezi. Hospitali hakuifikia akiwa hai.

Ripoti ya kazini ilisema marehemu alikosea kuiweka saa. Uzembe wa marehemu. Maneno hayo yalitoka ofisini yakaingia mtaani kwetu. Kila aliyekuja kutoa pole aliyafunga ndani ya pole yake: pole mama, ndio vijana hao, hawasikii. Mama, ambaye alimlea mwanawe peke yake, aliacha kwenda harusi za watu, akaacha kukaa barazani, akahamia chumba cha nyuma pamoja na redio.

Aliyemtoa huko alikuwa Taratibu. Alikuja kila Jumapili. Alitengeneza bomba, alimbebea mama mzigo wa sokoni, alimchekesha mpaka akashika mbavu. "Mmoja amechukuliwa, mmoja nimeachiwa," mama alikuwa akisema, akimshika shavu. Jumamosi iliyofuata asubuhi ile, wajomba zake Taratibu walikuwa waje kwetu kupanga tarehe ya harusi.

Basi, wiki moja kabla ya asubuhi hiyo, nilimwomba anipimie mtungi.

Kwetu kanuni ni moja: kila mtu hupima mtungi wake mwenyewe. Unaweka kipimo cha oksijeni kwenye mdomo wa mtungi, unasoma, unaandika namba kwenye utepe, unabandika, unatia sahihi. Usivute hewa ambayo macho yako hayakuisoma. Lakini zamani, kila nilipozama nami, Taratibu alikuwa akinipimia. Wanaume wengine huleta maua, yeye alinipimia mtungi, akaandika namba kwa mwandiko wake mnene, akaniambia, "Tayari, mama. Vuta raha." Nilipenda vile. Nilijiona nimetunzwa.

Wiki ile nilikuwa na grisi mikono yote, nikamwambia bila kuwaza, "Nipimie basi, mpenzi." Akakitazama kile kipimo kana kwamba nimempa nyoka.

"Kanuni ni kanuni, Fundi. Kila mtu apime wake."

Akaficha mikono mfukoni.

Usingizi ukanikataa. Tangu mazishi, hakuwa amempimia mtu yeyote. Nikaanza kufikiri kama ninavyofikiri mbele ya ubao wangu. Kaka hakuwahi kuigusa saa kabla ya kusoma utepe. Kama saa aliiambia hewa tajiri, basi mahali fulani alisoma hewa tajiri. Lakini mtungi ulirudi kwangu ukiwa uchi, hauna utepe. Nilipouliza walinijibu umebanduliwa na maji. Utepe ule nanunua mimi. Maji hayaubandui. Unataka kucha, na unataka nia.

Alipoingia asubuhi hiyo nilikuwa nimeshachora ubao.

"Leo umependeza," alisema. "Au ni kompresa imekupulizia poda?"

"Kaa."

Akaikalia ile stuli, ikayumba, akashtuka, akacheka. "Hii stuli mtakuja kuua mtu nayo."

Sikucheka. Alinitazama vizuri, macho yake yale ya kuinama, na kwa muda nilitamani niwe sijui ninachokijua.

"Kazi imekuja," nikamwambia. "Nguzo za daraja, zile zile. Nimeiomba tuifanye sisi wawili."

"Wewe na mimi?" Uso ukamchanua kama mtoto. "Mama ataruhusu?"

"Mama anasema ukiwa na mimi hana wasiwasi. Tazama mpango." Nikachukua kalamu. "Ya kwanza, chini kabisa kwenye msingi, hewa ya kawaida. Tunapanda, tunapumzika, chai, hadithi. Ya pili, katikati ya nguzo, hewa tajiri. Wewe tajiri, mimi kawaida."

"Hapo umekosea." Alisimama, akaja karibu na ubao, bega lake likagusa langu. "Wawili wenye hewa mbili wanafungwa na aliye dhaifu. Kina kitapangwa na mtungi wangu, maana hewa tajiri ikishuka sana ni sumu. Muda utapangwa na wako, maana wewe ndiye utakayejaa mapema. Wewe ukimaliza muda, na mimi nimemaliza, hata kama saa yangu inaniambia nibaki."

"Kwa hiyo utapanda na mimi?"

"Nikuache uende wapi?"

"Haya." Nikaifunika ile kalamu. "Basi mtungi wako wa pili ni huu. Nimekupimia."

Nikauvuta mtungi mbele yake. Utepe mpya, mwandiko wangu: 32, asilimia ya oksijeni, sahihi yangu chini.

Niliuona ule utulivu wake ukimtoka miguuni kwenda juu, kama mtu anayeingia maji ya baridi.

"Asante," alisema hatimaye. "Nitapitia tu mara moja, basi." Akanyoosha mkono kuchukua kipimo kwenye rafu.

Nikakifunika kwa kiganja, kile chenye pete.

"Kwa nini?"

"Ni kanuni tu, mpenzi."

"Mimi ulinipimia mwaka mzima sikuuliza. Nilivuta. Nilishuka chini kwa neno lako. Mimi ni mke wako mtarajiwa, nimekupimia kwa mkono wangu, na unaogopa. Unaogopa nini?"

"Siogopi."

"Vaa basi. Weka saa yako thelathini na mbili, tuondoke."

Kompresa ilifika mwisho wa zamu yake ikazima. Tukabaki na sauti ya mlinzi getini akibishana na dereva wa gari la takataka.

"Ndani kuna nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Utepe umeandikwa. Soma."

"Utepe si..."

"Malizia. Utepe si nini?"

Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mitungi. Kwa muda nilisikia pumzi yake tu, ndefu na polepole, pumzi ya mtu aliyefundishwa kutoharakisha. Nikamchukia kwa utulivu huo, na mkono wangu ukataka kumshika kichwa. Nikauzuia.

"Alikuwa anahangaika na injini ya boti," alianza. "Ilikuwa inagoma. Akaniambia, shemeji, nipimie na wangu. Mitungi ilikuwa miwili, imelala pamoja. Nikaweka kipimo, nikasoma thelathini na mbili, nikaandika. Nikageuka, nikaweka tena, nikasoma thelathini na mbili, nikaandika." Akafumba macho. "Nilipima mtungi mmoja mara mbili. Ule wa pili ulikuwa akiba ya hewa ya kawaida, umewekwa hapo kwa makosa. Sikuugusa kabisa. Nilibandika utepe juu ya kitu nisichokijua."

"Ulipimaje mtungi mmoja mara mbili? Wewe?"

"Nilikuwa na simu sikioni."

"Ukiongea na nani?"

Akaninyanyulia macho. "Na wewe. Ulikuwa unaniuliza rangi ya mapazia."

Nilikumbuka ile simu. Nilikumbuka nilivyokuwa nacheka, na yeye akisema chagua wewe, mama, yote mazuri. Niliona anachokifanya, labda hata yeye hakujua anakifanya: alikuwa ananifungulia mlango niingie nikae naye mle ndani.

"Usinitie humo," nikasema. "Mimi niliuliza pazia. Kipimo alikishika nani?"

"Mimi."

"Na utepe?"

Akainamisha uso.

"Nimekuuliza utepe, Taratibu. Kosa la kupima ningekusamehe. Ningelia, ningekutukana, ningeacha kula, lakini ningekusamehe, maana mtu hukosea. Utepe ulibanduliwa na nani?"

"Tulikuwa tunampa oksijeni kwenye boti," alisema. "Dereva anaendesha, ametugeuzia mgongo. Nikauangalia mtungi wake, nikauwekea kipimo, kikasoma hewa ya kawaida, ndipo nikaelewa. Nikaubandua. Nikautupa majini."

"Yeye alikuwa macho?"

"Fundi, tafadhali."

"Alikuwa macho?"

"Alikuwa macho." Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Aliniuliza, shemeji, nimekosea wapi?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, pumzika."

Kaka yangu alikuwa ameondoka duniani akijitafutia kosa lake mwenyewe. Alipitia mpango mzima kichwani, kina, muda, mapumziko, saa, kama nilivyomfundisha mimi, akikagua wapi alipoharibu, na mtu pekee aliyejua alikuwa ameshika mkono wake.

"Niue," Taratibu alisema. "Nitauvaa huo mtungi. Uwe na chochote ndani, nitauvaa. Sitapima."

"Nikuue?" Nikacheka, na kicheko hicho sikukitambua. "Halafu nani atamwambia mama?"

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Kifo hakikuwa kimemtisha hivyo.

"Siyo mama," alisema. "Fanya unalotaka, nipeleke polisi, nipeleke ofisini, nitasema yote huko. Lakini mama... Ananiita mwanangu. Ukimwambia, atakuwa ameachwa na wote wawili. Umelifikiria hilo? Ni mimi unayemwadhibu au ni yeye?"

Nilikuwa nimelifikiria. Wiki nzima nililifikiria. Nilimwona mama akirudi chumba cha nyuma na redio yake. Lakini pia nilikuwa nimemwona siku za msiba, akiuma upindo wa kanga kila mtu alipotamka uzembe, akishindwa kumtetea mtoto aliyekuwa hana kosa.

"Simwambii mimi," nikajibu. "Utamwambia wewe. Leo, sasa hivi."

"Nikimwambia..." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikimwambia, wewe na mimi tutabaki na chochote?"

Nilimwangalia. Nilijua kila mstari wa uso ule. Ningeweza kumwambia hapana, akapata nguvu za mtu asiye na cha kupoteza. Ningeweza kumwambia ndiyo, akapata nguvu za tumaini. Sikutaka apate nguvu yoyote.

"Pete naivaa mpaka utakapomaliza kusema," nikamwambia. "Nataka anayesema awe mkwe wake."

Tulikwenda kwa miguu. Hakunishika mkono, wala sikumwachia nafasi.

Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. Alipomwona Taratibu, uso ukamng'aa. "Jamani, siku ya kazi hii! Au ndio wajomba wameshindwa kungoja Jumamosi? Mwanangu, mbona umekonda ghafla? Fundi, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Ana neno, mama," nikasema.

Taratibu hakukaa. Alisimama mlangoni mwa jiko akasema yote, kwa mpangilio, kama anavyosema mpango wa mbizi: injini, mitungi miwili, kipimo, utepe, boti. Simu aliiruka. Alipofika kwenye lile swali la kaka, sauti ilimkatika, nikamwambia, "Sema," naye akasema.

Mama aliendelea kuchambua. Vidole vyake havikusimama. Alitoa chuya moja, akaiweka pembeni, akatoa nyingine. Nilingoja alie. Nilikuwa nimejitayarisha kumshika.

"Kwa hiyo saa aliiweka sawa," alisema.

"Aliiweka sawa, mama."

"Na kila kitu alifanya sawa."

"Kila kitu."

"Mwaka mzima unakula kwangu." Hakupandisha sauti. "Unakaa kwenye kiti chake. Unanisikia nikimwombea asamehewe uzembe wake, na unaitikia amina."

Taratibu akapiga magoti. "Nipige, mama. Nifukuze."

"Nikufukuze uende ukapumzike?" Mama aliuweka ungo chini, akajifunga kanga kiunoni, akasimama. Kwa mwaka mzima sikuwa nimemwona amenyooka vile. "Inuka. Hujavuliwa ukwe bado. Fundi, nipe viatu vyangu vya kutokea."

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kutembea. Sijatembea huu mtaa tangu nimzike mwanangu."

Akamshika Taratibu mkono, mkono kwa mkono, kama mama anayempeleka mwanawe bwana harusi. Tukatoka kupitia mbele, siyo mlango wa nyuma. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mshona nguo, mama mmoja mwenye maneno mengi, ambaye cherehani yake husikika barabara nzima.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Ee, jamani, mama wa marehemu umetoka! Na mkwe! Ingieni, nimeshapasha chai..."

"Hatukai," mama alisema. "Nimekuletea mkwe wangu, ana neno kuhusu mwanangu. Zima cherehani, usije ukakosa kusikia."

Cherehani ikanyamaza. Taratibu alianza kwa sauti ndogo. Mama akambana mkono.

"Kwa sauti, mwanangu. Yale ya uzembe hayakusemwa kwa kunong'ona."

Akaanza upya. Alisema injini, akasema mitungi miwili, akasema utepe. Nilisimama nyuma yao nikiangalia shingo yake, pale ambapo nilizoea kuweka uso wangu, ikilowa jasho. Mshona nguo aliziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona. Alipomaliza, mama hakungoja jibu wala pole. Alisema tu, "Ahsante kwa kusikia," akamgeuza Taratibu kama mtu anayegeuza mtumbwi, wakashuka ngazi.

Mtaa ulikuwa mrefu na milango ilikuwa mingi. Mbele ya mlango wa pili miguu ya Taratibu iligoma. Alinigeukia. Macho yale ya haya yaliniomba kila kitu kwa pamoja: nisimame, nimwambie mama imetosha, nikumbuke kwamba ananipenda. Na alikuwa ananipenda. Sijawahi kulitilia shaka hilo, hata leo ninapoandika.

Nilimpita, nikapanda ngazi, nikabisha hodi mimi.